Mcheri Uliobeba Jina la Mama

Chumba cha Mimea Iliyokaushwa,
Ghorofa ya Chini.
12 Juni

Mpendwa mdogo wangu, Profesa wa nyumba nzima,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Kikohozi chako kimepoa? Sisi tunapumua. Baba macho yamezidi kufifia, ila miguu bado ina ubishi, na mdomo ndio usiseme.

Makala yako imefika hapa kazini. Umeandika kwamba kile kichaka cha mcheri mwitu alichokigundua Baba mlimani, enzi zake za kukusanya mimea, si spishi ya peke yake. Eti ni mcheri uleule uliokwisha kuainishwa zamani, umedumaa tu kwa baridi na upepo. Basi jina la zamani linabaki, na hili letu linafutwa. Hili letu, Profesa, ni jina la mama yako.

Sibishani na darubini yako. Mimi mwenyewe nimeyatazama maua yake, na huenda umesema kweli. Lakini hata simu ilikushinda?

Lebo yenye uamuzi wako nimeibandika mimi, kwenye karatasi lilipogundishwa tawi kavu la mcheri wa Baba. Unazijua taratibu zetu: ya kwanza haibanduliwi, mpya inagundishwa chini yake pamoja na jina la aliyeamua. Nililia mbele ya wenzangu kama mjinga.

Wiki iliyopita Baba alikuja, kama ilivyo ada yake, nimsomee karatasi ya mcheri wake. Nikasoma lebo ya juu, yako nikairuka. Ningeendelea kumficha, ila mkuu wetu akaingia na bashasha zake: "Mzee, hongera! Mwanao katurekebishia ule mcheri!"

Baba akataka nirudie, nisome yote. Nikasoma. Akaipapasa karatasi, akasema, "Kama kasema yeye, basi ndivyo." Akaomba fimbo yake. Tangu siku hiyo hajamtaja mama, yeye ambaye kila jioni alikuwa hamalizi habari zake.

Nina hasira nawe, sikufichi. Umemzika mama mara ya pili, na safari hii pia hukuja.

Nisalimie wifi, na wanao waambie shangazi yao anawabusu. Mama mdogo anakusalimu sana, na jirani yetu fundi cherehani pia. Mungu akulinde huko uliko.

Baba hana salamu. Nilimwuliza.

Akupendaye, ingawa leo kwa taabu,
Dada yako