Njia Panda Huku Taita

Mama, shikamoo. Huku Taita ni baridi, wallahi; sweta lako silivui hata nikilala.

Jana kwenye mbio za milimani tulifika njia panda, mimi na mwenyeji mmoja. Akaniambia, "Pita bondeni, kaka, ndiko karibu." Mbona anisaidie mimi, mpinzani wake? Nikamwambia, "Basi tangulia." Naye akanishuku: "Mbona unanitanguliza?" Tukasimama tukitazamana hadi wakimbiaji wote wakatupita, wengine wakicheka. Mwisho tukashika njia ya juu pamoja, kila mmoja akimchunga mwenzake, tukafika wa mwisho.

Leo amenialika kwao kunywa chai. Nitakwenda, ila anywe yeye kwanza.

Nisalimie wote hapo Mtongwe. Mungu akuweke, mama yangu.

Mwanao, Salimu