Mjomba Ndiye Anajua

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Songea. Tarehe 15/8/1996, saa 3:20 asubuhi.

Jina: Kasiana Urbani Haule. Umri: miaka 43. Kabila: Mngoni. Dini: Mkatoliki. Kazi: mhudumu wa nyumba ya wageni. Makazi: Mshangano.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Tangu biashara ziachiwe huru nyumba hizi zimeota kama uyoga, na wageni wa kila aina wanapita.

Mwezi Juni mwaka huu tuliitwa semina kwenye ukumbi wa parokia. Sisemi uongo, nilifuata soda. Sista Lidwina alipotaja kuuza watu tulicheka, tukasema watumwa si waliisha zamani. Yeye hakucheka. Alisema anayeuzwa huwa hafungwi kamba, pengine anakwenda anatabasamu. Tumwangalie yule ambaye akiulizwa yeye, anajibu mwingine. Tena tusigombane na aliyemleta, tumtenge mtoto kwa kazi ya kawaida, halafu tuite polisi.

Mnamo tarehe 14/8/1996, saa 9:30 alasiri, alifika mwanamume na msichana mdogo wakitaka kulala, waondoke na basi la Dar asubuhi. Kwenye kitabu cha wageni mwanamume aliandika mwenyewe: Fransisko Komba na Anjelika Komba. Nikamuuliza huyu ni nani wake. Akasema ni mtoto wa dada yake, yeye ni mjomba.

Nikampa ufunguo, lakini moyo ulikataa. Mtoto hufuata ukoo wa baba. Ili mjomba na mpwa wote wawe Komba, dada yake awe ameolewa na Komba mwenzake, na kwetu Komba haoi Komba. Mtu wa huku angejua hata usingizini.

Nikamwambia mgeni maji ya moto yapo, aoge kabla hayajapoa. Alipoingia bafuni nilimtuma mwenzangu Egidi aje hapa kituoni kwa baiskeli. Mimi nikamwita Anjelika uani anisaidie kuchambua maharage.

Alinipa shikamoo vizuri. Alisema ana miaka kumi na mitatu, anatoka Namtumbo, na baba yake ni Ngonyani. Huyo mjomba walionana naye mara ya kwanza Jumapili, baada ya misa, akamwahidi mama yake kwamba Dar atafundishwa cherehani. Nikamuuliza anakwenda kukaa kwa nani.

"Mjomba ndiye anajua."

Nikauliza mtaa gani, na nyumbani atarudi lini. Jibu likawa hilo hilo. Kisha akashika mkono wangu, akasema, "Mama, usimuudhi. Atanirudisha nyumbani, nikose cherehani." Afande, hapo nilitaka kulia. Nikaendelea na maharage.

Saa 9:55 Egidi alirudi na askari wawili. Fransisko alitoka bafuni akiwa na taulo. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mama, kuna watu wanamsubiri huyu." Anjelika alilala kwa masista, na hadi asubuhi hii hataki kusema nami. Namwelewa.

Afande Benigna, anayeniandikia maelezo haya, ameniuliza nilikuwaje na hakika, maana jina mtu anaweza kulikosea. Ni kweli. Kilichonipa hakika ni lile jibu, kwa sababu nalisikia nyumbani kwangu. Ninaye Notburga, wa Mbinga, ana miaka kumi na miwili. Nilimchukua kwa mama yake mwaka juzi nikaahidi shule. Anapika, anafua, ananibebea mjukuu. Darasani hajaingia hata siku moja. Majirani wakimuuliza ataanza lini, husema, "Mama ndiye anajua." Mimi nilidhani ni adabu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, ya kazini na ya kwangu. Nimeyasema kwa hiari.

Sahihi: K. U. Haule

Maelezo ya mpelelezi: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi. Nilimshauri kuwa habari za Notburga hazihusu kesi hii na zinaweza kuachwa. Alikataa zifutwe. Kabla ya kuondoka aliniuliza mimi, nikiwa zamu hapa, kwangu nimemwacha nani amlee mtoto wangu, na huyo mlezi ana miaka mingapi. Swali hilo halikujibiwa.

WP Koplo Benigna, saa 4:35 asubuhi.