Nani Hakuitikia Amin

Kilburn, London, 3 Mei 1989

Baba mpenzi,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, ila mafua ya huku hayajui kama ni Mei. Goti lako vipi? Dawa alizokuletea Zainab unazimeza au unazitazama tu?

Nina jambo la kukufurahisha. Meya ameniomba nifungue kwa dua kikao cha kaunsili, baraza la mji huku, tarehe 17. Miaka yote husoma kasisi. Safari hii wanataka Mwislamu, na diwani Mwislamu ni mimi tu. Wazee wa msikiti wa Edgware Road wanataka kuja kuitikia amin. Nichagulie dua, Baba. Ulikuwa khatibu, ingawa sijawahi kukusikia ukiomba mbele ya watu.

Mwanao,
Mwatima

Malindi, Unguja, 12 Mei 1989

Mwanangu Mwatima,

Waalaikum salaam. Goti linauma na dawa nazimeza. Barua hii nampa Zainab mkononi, anakuja huko kununua nguo za duka lake. Za posta hufunguliwa.

Usiisome dua hiyo. Mwaka wa tatu baada ya mapinduzi waliniamuru niiombee serikali uwanjani, mawaziri wamekaa mbele. Watu waliinua mikono, wakaitikia kwa woga. Ami yako Soud, baba yake Zainab, alikaa kimya, mikono mapajani. Siku ya pili walimchukua, hatukumwona tena. Mbele ya wakubwa watu hawamwombi Mungu, wanatazamana. Nakukataza, mama.

Baba yako,
Himid

Kilburn, 6 Juni 1989

Baba,

Assalaam alaikum, natumai goti limepoa. Zainab alikwama Nairobi. Barua nimeipata jana. Dua nilishaisoma.

Wote walisimama wakainamisha vichwa, isipokuwa diwani mwenzangu, Vinod. Alibaki kitini. Baadaye alisema dini yake ni ya nyumbani kwake. Nilikasirika, nikaona amenidharau. Kiongozi wa chama aliponiuliza nani hakusimama, nilimtaja. Wiki iliyofuata wakamtoa kwenye kamati ya nyumba za kaunsili, aliyoitumikia miaka tisa. Jana nilikwenda kwake nikamwambia ni mimi. Alinimiminia chai. Leo nimewaandikia wamrudishe, au wanitoe na mimi.

Lakini jambo moja linanitesa. Anayesoma dua ndiye anayewakabili watu. Vichwa vyote vilikuwa chini. Vinod nilimwona mimi peke yangu. Siku ile uwanjani, Baba, nani alimwona ami Soud?

Mwanao,
Mwatima

Malindi, 2 Agosti 1989

Mwatima,

Nilimwona mimi. Waliniita ofisini wakaniuliza nani hakuitikia. Niliogopa, nikamtaja ndugu yangu. Nimemlea Zainab miaka ishirini na miwili, kila siku ananiamkia na mimi namwitikia, na sijamwambia. Naona aibu, mwanangu, kuliko ninavyoweza kuandika.

Wewe ulikwenda kwa Vinod siku ile ile uliyojua kosa lako. Mimi sikwenda kwa mtu.

Zainab anasafiri tena Jumamosi na barua hii nampa yeye. Bahasha sikuifunga. Nimemwomba aisome yeye kwanza.

Himid