Pua za Nyumba Ulizotuachia

Baba,

Nimeolewa na Elias. Nataka ulijue hilo kabla ya jambo lingine lolote, maana ndilo jema kuliko yote niliyo nayo, na mengine nitakayokuandikia si mazuri.

Ulianza kumwita mkwe kabla hata yeye hajaniambia neno. Ulikuwa juu ya jukwaa ukijenga nyumba yake hapa Nsemulwa, mimi nimesimama chini na hotpoti ya ugali, ukasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Mkwe, msaidie mwenzako huo mzigo." Nilitamani mchanga unimeze. Elias akaja kupokea hotpoti, akakosa pa kushika, akashika mkono wangu. Naona kama hajauachia mpaka leo.

Tulifunga ndoa mwezi wa saba. Baba mdogo ndiye aliyenipeleka altareni, amevaa koti lako. Elias alilia mbele ya watu wote, na mimi nikampenda zaidi palepale. Baba, nina bahati. Ananiimbia akiwa anapima vioo vya madirisha ya wateja wake. Siku moja aliniletea kipande cha kioo alichokikata umbo la moyo, kingo zake amezisugua mpaka hazikati hata kidole cha mtoto. Nikisikia hatua zake nje, bado nakimbilia kioo nijitengeneze, kana kwamba anakuja kunichumbia.

Sasa nikueleze habari za nyumba. Ulituachia kuta na paa. Kifua kilipokubana zile wiki mbili za mwisho, plasta ilikuwa bado. Elias akaimalizia mwenyewe, kila Jumapili baada ya misa. Aliweka vigae, akaweka siling ya jipsam nyeupe kama maziwa, na madirisha ya aluminiamu aliyoyatengeneza kwa mkono wake, yana mpira pembeni, ukiyafunga hata vumbi la barabarani halipiti. Ukiyafunga yote, masikio yanaziba kidogo. Mwanzoni nilidhani huo ndio utulivu wa nyumba nzuri.

Na pua zako zilikuwepo. Mafundi wenzako huziita matundu ya hewa. Wewe uliyaita pua, mbili kila chumba, moja juu ya dirisha na nyingine ukuta wa ng'ambo, na hukushuka jukwaani mpaka umewasha ganda la hindi mbele ya kila moja ukaona moshi unavutwa kwenda nje. Kuna mama mmoja wa Kawajense alitaka kuziba zake kwa sababu ya popo. Ukamwambia, "Popo tuwawekee wavu, mama. Hewa haijatukosea kitu." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeshika ndoo ya udongo, nikalisikia hilo kwa masikio yangu. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

Ni mimi niliyeomba zizibwe, Baba. Naona aibu kukuandikia sababu, lakini nitaiandika.

Wiki ya pili ya ndoa, Mama Shukuru, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alinikuta bombani. Akatua ndoo yake, akasema mbele ya wanawake wote, "Bibi harusi, jana nyie mlichekea nini mpaka Shukuru akaamka? Tupunguzieni, wengine tuliolewa zamani." Wakacheka wote mpaka maji yakamwagika. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, uso unawaka. Nikamwambia Elias kwamba sauti zetu zinapita kwenye matundu ya Baba. Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akachukua mifuko mitupu ya saruji, akaikunja, akaishindilia ndani ya kila pua, akapiga plasta juu na kupaka rangi. Huwezi kujua kwamba paliwahi kuwa na tundu. Akashuka kwenye ngazi akaniambia, "Sasa cheka unavyotaka, mke wangu." Na nikacheka. Ilikuwa zawadi, Baba. Tuliipokea kama zawadi.

Mvua zilipoanza, ukuta wa nyuma ya kitanda ukaanza kutoka jasho. Naufuta asubuhi, mchana umelowa tena. Chumba kikashika harufu ya magunia ya maharage yaliyonyeshewa. Kisha nikaona vidoa vyeusi pembeni, vidogo kama punje za ulezi. Wiki iliyofuata vilikuwa vimeungana. Nilipovuta kabati, nyuma yake weusi ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa changu, kama kivuli cha mtu aliyesimama pale siku zote akitutazama. Vitenge vya send-off vilikuwa vimeota manyoya ya kijivu.

Na Elias akaanza kukohoa. Kikohozi chako hasa, Baba, viwili vifupi na kimoja kirefu. Mara ya kwanza nilikisikia nikiwa jikoni, nikaacha mwiko nikasimama tu. Alipokwenda Mishamo siku tatu kufunga madirisha ya duka, kikohozi kilikatika kabisa. Alirudi, akalala usiku mmoja, kikarudi. Tungeelewa hapo. Hatukuelewa. Mimi nilikuwa naamka na kichwa kizito, nikasema ni mimba.

Ndiyo, Baba. Nina mimba ya miezi mitano. Nilitaka niianze barua na hilo, nikashindwa.

Akaja shangazi yake Elias, Shangazi Veronika, aliyemlea. Alitoka Kapalamsenga na mfuko wa dagaa, akaingia chumbani, akautazama ule ukuta, akatingisha kichwa. Akasema nyumba hii imeingiliwa na kijicho, watu wameona vijana wameanza na vigae. Dawa yake ni kufukiza ubani juu ya mkaa siku tatu mfululizo, mlango na madirisha yamefungwa, ili moshi ushike kuta. Simlaumu. Kwake kule ziwani ni nyumba ya nyasi, ukifunga mlango moshi unajichujia wenyewe juu. Hajawahi kulala chini ya jipsam.

Siku ya kwanza kichwa kiliniuma sana. Siku ya pili nilitapika. Tukaambiana kwamba ni kijicho kinatoka kwa shida, na kwamba tukaze moyo, imebaki siku moja.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili iliyopita. Tulitoka misa na mvua. Shangazi alikuwa jiko la nje anapika. Nilileta jiko la mkaa chumbani, nikaliweka pembeni, nikatia ubani, nikafunga kila kitu. Elias alijilaza, kifua kilikuwa kinamsumbua, na mimi nikakaa pembeni yake tukichagua jina la mtoto. Yeye anataka jina lako likiwa la kiume. Nilikuwa na furaha, Baba. Naapa nilikuwa na furaha. Ubani ulinukia kama kanisani, na Elias akasinzia mkono wake ukiwa juu ya tumbo langu.

Nikasikia ndoo ya kukingia maji inafurika barazani. Niliponyanyuka, miguu haikuwa yangu. Nilifika barazani nikaanguka kwa magoti na kutapika. Nikamwita Elias aniletee maji. Elias huniitikia hata akiwa ameudhika. Hakuitika.

Nilimkuta amelala vizuri. Hilo ndilo linalonirudia, jinsi alivyokuwa amelala vizuri, uso umetulia kama siku ya harusi. Nikamtikisa. Nikampiga kofi, mume wangu, nikampiga la pili. Nikapiga kelele, Shangazi akaja, tukamvuta kwa shuka mpaka barazani. Mama Shukuru aliruka uzio, nguo zake zikanasa, akaziacha zichanike. Mvua ilimpiga Elias usoni muda mrefu kabla hajaguna. Mume wa Mama Shukuru akaleta bajaji, ikatukimbiza hospitali.

Nesi aliuliza swali moja tu, kama tulikuwa tumefunga madirisha. Kisha akasema, "Mkaa ukishaiva hautoi moshi wala harufu, ila hewa yake ni sumu. Ndiyo maana tunawakuta watu wamelala vizuri." Akaniangalia tumbo. Alichukua kile kibomba chao cha kusikilizia, akakiweka hapa, akakihamisha pale, akakihamisha tena. Mwishowe akasema mapigo yapo. Akanieleza kwamba ninachovuta mimi anavuta na mtoto, na kwamba ile sumu hukaa ndani yake muda mrefu kuliko ndani yangu. Nikamuuliza kama atakuwa mzima. Akasema, "Njoo Alhamisi, mama. Ukiona amepunguza kucheza, usingoje Alhamisi."

Jumatatu nilimwambia Elias afungue pua. Alisema madirisha yake hayana kosa. Nikamwambia kosa si la madirisha, ni langu, nikamsimulia habari za yule mama wa Kawajense na popo wake. Akachukua nyundo na patasi, akapanda ngazi. Ile mifuko ya saruji ilitoka myeusi, imelowa chapa, imeota nywele. Plasta ya chumbani ikafuata yenyewe vipande vipande, na nyuma yake tofali zako zilikuwa zinatoa maji. Tulipofungua jipsam juu ya kitanda, upande wa ndani ulikuwa mweusi wote. Tumelala chini yake miezi saba. Shangazi aliziba mdomo kwa khanga, akasema taratibu, "Kumbe kijicho tumekifungia wenyewe."

Sasa tunalala sebuleni, madirisha wazi, neti tumeifunga kwenye viti. Mama Shukuru anasikia kila kitu, ila hakuna cha kusikia. Hatanii tena. Kila asubuhi ananiletea uji na kunitazama usoni.

Leo ni Jumatano, mchana. Baba, mtoto huyu alikuwa akicheza kila nikinywa chai ya moto yenye sukari. Alikuwa anajipindua kama mtu anayetafuta upande wa kulala. Tangu Jumapili amecheza mara mbili, na hiyo ya pili huenda ilikuwa njaa yangu. Leo nimekunywa vikombe vitatu. Nimelala ubavu huu, nimelala ubavu ule.

Elias akirudi huweka mkono tumboni na kuniuliza kama amecheza. Jana nilisema ndiyo. Juzi nilisema ndiyo. Alifurahi, akaimba, na mimi nikageukia ukutani. Nilimwonea huruma, kwa vile tayari anaamini ni mikono yake iliyotufanyia haya. Nilidhani namkinga. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona kwamba naziba tundu lingine.

Kwa hiyo sitangoja hiyo Alhamisi ya kesho. Nakuahidi mambo mawili, Baba. Hakuna mtoto wangu atakayelazwa katika chumba kile mpaka kuta zako zikauke na hewa ipite inavyotaka, hata ikichukua kiangazi kizima, hata mtaa mzima usikie tunacheka au tunalia. Na sitamficha Elias neno tena kwa sababu ya kumpenda.

Pumzika huko Kasekese. Tukipata siku ya jua nitakuja kupalilia kaburi lako, nikiwa na mtoto mgongoni, Mungu akinijalia.

Namsikia anaegesha baiskeli. Ataingia, ataweka mkono wake pale pale, ataniuliza. Nimeshavaa viatu.

Binti yako,
Agnes