Devota wa Ngazi ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua toka alfajiri. Dirisha la mapokezi nimelifungua kwa wakati. Foleni fupi, watu wa milimani wameshindwa kushuka. Nimeingia kwenye mfumo mpya. Nimeshauzoea. Mimi ni ngazi ya kwanza: naona jina, kijiji na siku ya kliniki, basi. Wauguzi ngazi ya pili. Maabara na madaktari ya tatu. Wa juu anasoma mpaka chini, wa chini hasomi juu. Na anachoandika wa juu kinabaki juu, ili siri ya mgonjwa isidondokee dirishani kwangu.

Binti yangu Devota yuko maabara. Nimemzaa mimi, na yuko ngazi mbili juu yangu. Akipita hapa ananiita raia wa kawaida. Nafurahi kila mara.

Kaka Pius alipimwa wiki iliyopita. Kliniki yake tarehe 20.

Alhamisi, 6 Machi

Devota hakula jana. Leo pia. Ameosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nimemuuliza kama anaumwa, kasema kazi nyingi. Kisha akauliza mjomba wake anaendeleaje, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua.

Mtoto huyu namjua. Kwetu Waluguru mjomba ni mzazi, na baba yake alipofariki Pius alikuwa mzazi kwelikweli. Alimbeba mabegani mpaka shuleni, matope yote yale.

Kazini nimefungua jina la Pius. Kinole. Tarehe 20. Hakuna kilichobadilika. Nimefunga.

Nikimbana atasema. Halafu atashindwa kujitazama. Sitambana. Lakini naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Pius kapiga simu. Yuko kwenye mdalasini, msimu huu wa mvua ganda linabanduka vizuri. Ameuliza kama siku yake ni ile ile. Nimemwambia ni ile ile, abandue kwa raha zake. Kanitania kwamba siku hizi hospitali nzima naiendesha kwa kidole kimoja.

Moyo umetulia. Kungekuwa na jambo, tarehe ingeletwa karibu, na kazi ya kuwapigia wagonjwa simu ni yangu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa Devota katandika kitanda cha mgeni. Shuka mpya. Nimeuliza nani anakuja. Kanitazama kama vile namfanyia mzaha. Akasema hakuna, akaenda kuchota maji. Ndoo zote zimejaa.

Nimekasirika. Sipendi kufichwa nyumbani kwangu. Nikampikia maharage ya nazi, maana hayo hajawahi kuyakataa. Kala kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne asubuhi Devota kaja dirishani na koti lake la maabara. Hakusalimia.

"Mama, kwa nini hukumpigia mjomba?"

"Nimpigie kwa lipi?"

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Tarehe 20. Akasoma. Akashika ukingo wa meza.

Nimeelewa hivi. Jumatano daktari alimwambia aisogeze siku ya Pius iwe leo. Aliisogeza akiwa ameingia kwa ngazi ya tatu. Alitakiwa atoke, aingie upya kwa ngazi ya kwanza, ndipo aandike. Walifundishwa. Siku hiyo macho yake hayakuwa yanaona vizuri. Mashine ikafanya inavyojua: tarehe mpya ikaishika juu, mimi ikaniachia ya zamani, ili nisihisi hata kwamba kuna kitu. Yeye akaamini nimeshampigia. Tangu Jumatano anangoja niseme Pius anakuja. Mimi nangoja aseme yeye. Chungu kimoja, jiko moja.

Karudi maabara. Baada ya muda mfupi kioo changu kikabadilika. Kesho asubuhi. Aje na ndugu. Hakuna neno lingine. Kashuka mpaka ngazi yangu na akaniletea siku tu. Nimempenda sana pale.

Simu ya Pius imezimwa. Nimeomba ruhusa. Naenda Kinole.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya wodi.

Jana bodaboda ilinishusha mara mbili nipite matope kwa miguu. Pius nilimkuta barazani na kisu chake, magome yamemzunguka. Kakonda. Kwenye simu mtu hakondi.

Nikamwambia kesho asubuhi anatakiwa hospitali. Akauliza kuna nini. Nikasema sijui.

"Wewe wa hospitali hujui?"

"Nimepewa siku tu, kaka."

"Na Devota?"

"Devota hajaniambia."

Akacheka kidogo, akaweka kisu chini. "Basi yule mtoto tumemlea."

Nimelala kwake. Tumeshuka na gari la kwanza. Mlangoni pa hospitali Devota alisema shikamoo mjomba, akaitikiwa marahaba mama, na sauti zao zilikuwa sawasawa. Mimi ndiye niliyegeuka pembeni.

Amelazwa.

Ijumaa, 14 Machi

Upasuaji jana. Ameamka. Daktari anasema tungengoja ile tarehe 20 tusingemuwahi. Nimemwomba arudie mara mbili.

Devota alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake kusema alichokosea. Kapewa onyo. Hajalia. Kanywa chai na mihogo, vipande vitatu.

Jumapili, 16 Machi

Pius kakaa kitandani. Kaomba uji, kausifia, kisha akasema uji wa mama ulikuwa bora. Tukabaki wawili. Akaniuliza kama nataka kujua. Nikamwambia akitaka yeye. Akanieleza yote, taratibu, akiwa ameshika kidole changu. Siandiki hapa. Ni yake.

Kisha akasema nimwambie Devota kwamba sasa najua, apumzike.

Nimemwambia jioni, tukichambua mchele wa Dakawa. Kaweka ungo chini, kalaza kichwa mapajani kwangu na nywele zake zote zile. Mvua imekatika. Nimeendelea kuchambua kwa mkono mmoja.