Guerschom, Chupa ya Tano Bado Inatoa Povu

Mwaka mzima umezunguka, Guerschom, tangu asubuhi ile uliponiaga ukisema unapitia soko la Kamwokya kuchukua maganda ya matooke, zile ndizi za kupika, kisha uende kazini. Pikipiki uliyopanda iligongwa. Gunia la maganda lilifika maabara. Wewe ulifikishwa hospitali, na hukurudi tena nyumbani kwetu Namuwongo.

Sokoni bado wanakuita Bwana Maganda. Florence, yule mama wa mbuzi, alinisimulia mlivyokuwa mkigombana. "Mtu mzima na suruali ya pasi, unanyang'anya mbuzi wangu chakula?" Nawe ukamjibu, "Mama, wako wanakupa maziwa. Wangu hata huwaoni, lakini watakupa mafuta ya jiko." Siku hizi hachokozi mtu. Kila Jumanne anatuwekea gunia lako pembeni.

Ulinieleza kazi yako huku unamenya viazi. Ganda lina sukari mbili: moja laini, ambayo kila bakteria anaikimbilia, na nyingine ngumu, ambayo wengi hawaiwezi. Bakteria wako mliwapandikizia kinasaba cha kuila ile ngumu pia, wazigeuze zote mbili kuwa mafuta. Na mimi ukanisukuma kwenye masomo ya jioni. Binti yetu Exaucée akilia ulimbeba mgongoni kwa kitenge changu, majirani wakacheka, hukujali.

Sasa nisikilize. Kuna jambo nimeogopa kukuambia.

Dkt. Nakhisa, mkuu wako, alinipa kazi ya kuosha chupa, baadaye ya kuwalisha bakteria wako. Mwezi wa pili, yeye akiwa kwao Kenya, umeme ulikatika siku tatu. Akiba yote ya friza ikaharibika, zikabaki chupa sita tu zenye walio hai, nao wamedhoofu. Nikawahurumia kama mtoto aliyetoka kwenye malaria anayekataa ugali. Nikawapa ile sukari laini peke yake, wiki baada ya wiki. Wakanawiri. Nikajisifu.

Daktari aliporudi akauliza wanakula nini. Nilipomwambia, akavuta kiti akakaa.

"Huguette, mdogo wangu, ukiwalisha laini tu, kile kinasaba wanakiacha. Wanasahau."

Alhamisi iliyopita tuliwajaribu, sukari zote mbili, chupa zote sita. Laini ikiisha na mapovu yakikoma, yaani ile ngumu hawaigusi, basi kazi yako ya miaka minne imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi. Saa nane mchana chupa ya kwanza ikanyamaza. Ya pili nayo. Ya tatu, ya nne, kisha ya sita. Nikageukia ukuta nikasali.

"Geuka bwana," Daktari akasema. "Tazama ya tano."

Ya tano haikunyamaza, Guerschom. Tulipofunga mlango jioni ilikuwa bado inatoa povu. Moja tu kati ya sita, lakini ipo.

Nilirudi nyumbani nikiwaza, maana kuna mwingine niliyemlisha laini. Mwaka wote, Exaucée akiuliza, nimemwambia baba yuko safarini. Jumapili nilimwambia ukweli. Alinyamaza, alinyamaza sana, na mimi nikaogopa kuliko Alhamisi. Kisha akauliza, "Baba alikuwa anachekaje?"

Mama yako akakuigiza. Nikamwambia hapana, mama, si hivyo, nikajaribu mimi. Nikakosea pia. Mtoto akatutazama wote wawili, akaangua kicheko chake mwenyewe. Mama akaniangalia. Kilikuwa ndicho kile kile chako.

Unakumbukwa na mama yako Kahambu, mkeo Huguette, binti yako Exaucée, mdogo wako Dady, na Dkt. Nakhisa pamoja na wenzako wote wa maabara. Bado tunaogopa. Lakini maadamu tunapumua, Guerschom, hutasahaulika.