Picha ya Mama wa Mgodini

Jumamosi, Landover, Marekani

Bado sijui kwa nini niliipiga ile picha.

Leo mimi na Wakweka wenzangu wa kanisa la Marafiki tulipeleka maboksi ya chakula kule milimani, kwa familia za wachimba makaa ya mawe ambao mgodi wao umefungwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kama ninavyobeba ghalani wiki nzima. Mama mmoja Mzungu alipopokea unga, nikatoa simu. Akageuza uso, akatazama ukuta.

Nikaituma nyumbani Vihiga, Kenya, kwenye grupu ya familia: "Mnaona? Hata Wazungu wanapanga foleni ya unga!"

Ndugu yangu akajibu, "Rudi basi, kaka, huku tuna mahindi!" Nikacheka. Mimi, niliyelishwa na maboksi hayo hayo mwaka wangu wa kwanza hapa.

Kabla ya kuondoka tulikaa kimya pamoja, kama ilivyo desturi yetu. Anayeguswa na Roho husimama akasema. Niliguswa. Sikusimama.

Jioni nimeifuta picha ile, lakini mama yangu kule Vihiga alikuwa ameshaiona. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Huyo mama anaitwa nani, nimwombee?"

Sikumuuliza jina.